Tusiuze kwa Kangomba: Kupanga Michango ya Shirika Dogo Korosho Zikiwa Bado Maua

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, stoo ya hosteli ya wanafunzi ya shirika letu hapa Newala, Mtwara, ilibaki na magunia mawili ya unga na nusu ndoo ya mafuta. Wasichana 36. Nje ukungu umeshuka mpaka juu ya bati, watu na masweta yao, na wakulima ambao ndio wachangiaji wetu wakubwa wako mashambani wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho, mifukoni hawana kitu. Siku hiyohiyo mhisani mmoja akapiga simu. Ana milioni sita, anaweza kuzituma wiki hiyo, ila anataka ziende kwenye mafunzo ya kutengeneza sabuni, na kila mwezi apelekewe picha za mabinti wameshika bango lenye jina la taasisi yake.

Tulikubali kabla hajamaliza kueleza. Mafunzo yakala milioni nne na laki mbili, unga tukakopa dukani, na zile picha mpaka leo zinaniuma. Kuna binti alikuwa ametoka kufiwa na bibi yake, macho yamevimba, nasi tukamweka mstari wa mbele kwa kuwa ni mfupi.

Kabla ya kushika uweka hazina nilikuwa karani wa mizani kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwa misimu tisa, kwa hiyo kangomba naijua. Mkulima ana njaa, mikorosho yake imechanua vizuri, anatokea mtu na laki moja mkononi: chukua hii, Oktoba utanilipa korosho. Oktoba ikifika, korosho za kununulia bati zinaondoka kwa bei ya chumvi. Nilipokata ile simu nilijua kabisa tumefanya kangomba, tofauti ni kwamba tulichouza hakikuwa korosho.

Ndiyo maana siku hizi kazi kubwa ya michango tunaifanya kati ya Juni na Septemba, miezi ambayo haituingizii karibu chochote. Naandika tunavyofanya. Kama uko Liwale au Kilwa, badilisha majina ya vijiji, mengine yatakufaa.

Anza na nani anashika fedha lini

Nunua karatasi ya manila, ibandike ukutani. Juu andika miezi, pembeni andika watu. Usiandike "wadau" wala "jamii", andika watu: wakulima wa korosho wa Kitangari, walimu, wenye maduka stendi, watoto wa hapa walioko Dar, wavuvi wa Mikindani, kampuni za Mtwara mjini, wahisani wa nje. Kisha kwenye kila mwezi weka alama: fedha ipo, fedha haipo, fedha ipo lakini ina mwenyewe.

Hiyo ya tatu ndiyo watu wanaisahau. Desemba fedha ya korosho ipo, lakini shule zimefungwa, jando na unyago zimeanza, kuna harusi tatu kwa wiki, na Januari ada na sare zinasubiri. Ukimwendea mtu katikati ya Desemba unagombea na ngoma ya mwanawe, na hiyo ngoma itakushinda. Sisi dirisha letu ni kuanzia malipo ya mnada wa kwanza mpaka mwisho wa Novemba. Ni wiki chache mno, na ndiyo maana huwezi kuanza kujipanga Oktoba.

Ramadhani nayo iandike kila mwaka upya, maana inarudi nyuma siku kama 11. Mwezi huo watu hutoa sana, ila hutoa kwa utaratibu wao wa sadaka na zaka, si kwa risiti yako.

Tulipomaliza kuchora, kuna kitu tulikiona tukacheka. Miaka yote tulikuwa tunasema Juni ni kukavu. Kukavu kwa nani? Teremka Lindi, nenda Ruangwa na Nachingwea: Juni ndiyo minada ya ufuta imechangamka. Kisha mbaazi zinafuata. Na sisi tuna mabinti ambao wajomba zao wanalima ufuta Nachingwea! Walikuwa hawajawahi kuombwa hata shilingi, kwa kuwa kalenda yetu ilikuwa ya korosho tu. Mwaka wa kwanza wajomba wanne walitupa laki tatu na nusu. Si fedha ya kutangaza, lakini iliingia Juni.

Wavuvi tuliwawekea alama ya hapana Juni hadi Agosti, kusi ikivuma bahari haitaki mchezo. Wafanyakazi wa serikali mwaka wao wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na kama kuna nyongeza ya mshahara huwa inaanzia hapo. Kampuni usizikisie. Piga simu, uliza swali moja: mwaka wenu wa fedha unaanza mwezi gani, na maombi ya kusaidia jamii mnayapitia lini? Dada wa mapokezi mara nyingi anajua kuliko meneja.

Wahisani wa nje wakiwa likizo

Wakati sisi tunavaa masweta, Ulaya na Marekani ni kiangazi, na watu wa ofisini huko wanakwenda likizo kikwelikweli. Niliwahi kutuma andiko la kuomba ufadhili, kurasa kumi na nne, tarehe 2 Agosti. Dakika ileile nikapata jibu. Moyo ukaruka! Kumbe ni kompyuta imejibu yenyewe kwamba mhusika hayupo mpaka tarehe 25. Aliporudi, barua yangu ilikuwa chini ya mamia ya nyingine.

Sasa tunagawa hivi. Mapema Juni, kabla hawajaondoka, tunatuma barua fupi isiyoomba kitu: aya mbili na picha moja ya kawaida, mabinti wanafua au wanasoma, hakuna bango. Julai na Agosti tunaandika andiko, tunalisoma kwa sauti, tunampa mtu asiyetujua alisome. Wiki ya pili ya Septemba linaondoka. Kwa wachangiaji binafsi wa Marekani kuna jambo jingine: wengi hutoa mwishoni mwa mwaka, kwa sababu ya sikukuu na kwa sababu mchango wa kupunguziwa kodi ya mwaka huo lazima utolewe kufikia Desemba 31. Ile siku yao ya kutoa inayoitwa GivingTuesday, iliyoanza 2012, huangukia Jumanne baada ya sikukuu yao ya Thanksgiving. Kwa hiyo mavuno yao yanagongana na mavuno yetu. Novemba mimi niko vijijini na daftari, siwezi wakati huohuo kukaa kwenye kompyuta natunga barua ya Kiingereza. Barua hiyo inatungwa Agosti, inawekwa kwenye rasimu, inasubiri.

Nitoe dukuduku kidogo hapa. Tangu misaada ya serikali ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025, na shirika lao la misaada, USAID, likafungwa Julai mwaka huo, mashirika makubwa ambayo zamani hayakujua kama tupo sasa tunakutana nayo kwenye foleni za wahisani wadogo. Yana magari na wataalamu wa kuandika. Sisi tuna daftari la stoo. Basi daftari hilo litunze.

Namba moja unayoweza kuitetea

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, nisamehe, ni ukarani.

Mashirika madogo mengi ukiyauliza "mnahitaji kiasi gani?" yanajibu "chochote kitakachopatikana." Mkulima hasemi hivyo kwenye mizani. Sisi tulikaa siku mbili na mpishi na matroni, tukaandika mwezi mmoja wa hosteli kwa bei za hapa mjini wiki ile. Unga nusu kilo kwa binti kwa siku, yaani kilo 540 kwa mwezi, kwa sh 1,400 ni 756,000. Maharage kilo 108 kwa sh 2,800 ni 302,400. Mafuta, sukari na mboga 280,000. Sabuni na taulo za kike, sh 4,000 kwa kila mmoja, 144,000. Umeme 45,000. Posho za mpishi, matroni na mlinzi 800,000. Na maji: maboza manne kwa sh 90,000, jumla 360,000. Mgeni wa kutoka Dar akiona hapo kwenye maji huuliza kama tumekosea sifuri. Hatujakosea. Huku ni juu ya uwanda wa Makonde, maji yanapandishwa kutoka bondeni, na ukisimama pale Shimo la Mungu ukatazama chini utaelewa kwa nini ni ghali.

Jumla 2,687,400. Gawa kwa 36, unapata 74,650 juu ya alama. Hiyo ndiyo namba yetu: binti mmoja, mwezi mmoja. Tukiomba tunasema 75,000, na mtu akiuliza 350 inakwenda wapi tunamwambia ni ya kutolea fedha kwenye simu, na haitoshi.

Mwaka una miezi kumi ya kulala hosteli: 26,874,000. Wazazi wanachangia 150,000 kila mmoja, 5,400,000. Pengo ni 21,474,000. Sasa usiligawe pengo sawasawa kwenye miezi kumi na miwili kama wanavyofanya kwenye semina. Ligawe kwa watu waliopo kwenye manila. Sisi tuliandika wakulima 5,000,000, watumishi na watu wa Dar 6,000,000 (maana yake miezi 80 ya binti mmoja), kampuni na wahisani wa nje 10,474,000.

Kisha fungua daftari la mwaka jana uone ahadi ngapi zililipwa. Letu lilionyesha ahadi 112, zilizolipwa 71. Nikiwa mkarimu, katika ahadi tatu zinalipwa mbili. Na hapa ndipo wajumbe wa kamati walipokaa kimya: ukitaka milioni tano za wakulima, huombi ahadi za milioni tano, unaomba za saba na nusu.

Ahadi ziandikwe kwa kilo

Jambo hili lilitugharimu. Msimu wa 2018 tulikuwa na kadi nzuri za ahadi zilizoandikwa shilingi: elfu hamsini, elfu thelathini. Mnaukumbuka msimu ule. Minada ya mwanzo wakulima walizikataa bei, Novemba serikali ikaamua kununua korosho zote kwa sh 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba, uhakiki ukafuata, na wengi fedha zao ziliingia mwaka mwingine kabisa. Mtu aliyeahidi elfu hamsini mwezi Agosti, Desemba alikuwa ananikimbia sokoni. Mtu mzima, ananiamkia kwa mbali halafu anakata kona!

Kosa lilikuwa letu. Julai mkulima hajui bei, anajua mikorosho yake. Muulize kilo. "Mama, msimu huu kilo ngapi zitakuwa za mabinti?" Atatazama juu ya mti, atasema kumi. Andika kumi. Bei ikipanda, mchango unapanda naye hajaumia. Ikishuka, hana deni la aibu. Sisi kwenye mpango tunapiga hesabu ya sh 2,500 kwa kilo baada ya makato, hata kama mnada wa kwanza wa 2024 ulipita sh 4,000. Karani haandiki bei ambayo mizani haijaiona.

Kwa hesabu hiyo kilo kumi ni 25,000. Milioni tano ni watu 200 waliolipa, kwa hiyo ahadi 300. Vijiji sita, watu hamsini kila kijiji. Ukishaona hivyo, Julai na Agosti yako imejaa, huna haja ya kuuliza tufanye nini miezi hii.

Lakini kuwa mwangalifu: usipokee korosho zenyewe. Usikusanye videbe ukavitia kwenye gunia lako. Korosho ghafi inauzwa kupitia ghala na mnada, na shirika likikutwa na magunia yasiyo na stakabadhi litaitwa kangomba mbele ya mtendaji, na litakuwa limestahili. Kilo ni kipimo cha ahadi tu. Kinachokuja kwetu ni fedha baada ya mkulima kulipwa. Na ukitaka AMCOS ikate moja kwa moja, usiongee na katibu pembeni chini ya mwembe. Omba nafasi kwenye mkutano mkuu wa wanachama, simama, eleza, wakatae au wakubali mbele ya wote. Mahali pamoja walitukataa. Tukanywa chai, tukaondoka, na watu kumi na tisa wakatufuata nje kuandika ahadi zao wenyewe.

Kwenda kushukuru bila kuomba

Juni mwishoni tunapita kwa waliotoa mwaka jana. Hii safari wajumbe wapya huiona ni kupoteza mafuta ya pikipiki. Nikupe mfano mmoja.

Kuna mzee huko Mahuta alitupa kilo ishirini msimu uliopita. Tulimkuta shambani, mashine ya kupulizia mgongoni, kitambaa usoni, unga wa salfa umemkaa mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akashusha kitambaa. "Korosho bado. Mmewahi."

"Hatukuja kuomba, mzee. Tumeleta hii."

Nikampa karatasi. Imeandikwa kilo zake 20, bei aliyolipwa, fedha tuliyopokea, na chini yake vitu ilivyochangia kununua: maharage na boza la maji. Na mstari mmoja umeandikwa kwa mkono na binti wa kidato cha tatu, kwamba siku boza lilipofika waliacha kwenda bondeni alfajiri. Mzee akaishika kwa ncha za vidole isichafuke. Akaisoma mara mbili. Akauliza boza moja ni ndoo ngapi. Bahati nzuri nilikuwa najua.

Hakutoa kitu siku ile, na hatukumwomba. Tulimsaidia kumimina salfa tukaenda zetu. Agosti alipiga simu mwenyewe: andika thelathini, na andika na mdogo wangu kumi.

Kwa hiyo kabla hujatoka, andaa majibu ya maswali ya hivyo. Ndoo ngapi, magunia mangapi, nani anashika funguo za stoo. Hakuna aliyewahi kuniuliza dira ya shirika.

Mengine kwa kifupi

Nane Nane. Sisi wa kanda ya kusini maonyesho yako Ngongo, Lindi. Usikodi banda, gharama yake ni mwezi mzima wa maharage. Omba meza kwenye banda la halmashauri yako, peleka mabinti wawili wanaojua kuongea na daftari moja. Anayeandika namba yake mwambie utaitumia kwa jambo gani, na asiyetaka ujumbe usimlazimishe. Tangu 2022 kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, lakini hata bila sheria ni adabu.

Mahindi. Nunua Julai, yakiwa yametoka kuvunwa, yahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Sisi tunatenga fedha ya Novemba kwa ajili ya mahindi ya Julai inayofuata, na mwenye funguo ya akaunti hiyo si mimi. Miezi miwili ya chakula ikiwa ndani, mhisani wa bango akipiga simu unaweza kumwambia, asante sana, ngoja tukae kikao. Mwaka juzi tulimwambia hivyo mmoja. Alisubiri, akabadilisha masharti.

Ofisi ya maendeleo ya jamii na mtendaji wa kata wapitie mapema, na barua yenye mhuri, ili usije ukakutwa kijijini unakusanya ahadi hakuna anayekujua.

Oktoba

Ukifika hapo karibu kila kitu kimeshaandikwa. Ujumbe wa simu tunautunga Septemba, kila mtu na kilo zake: "Shikamoo mama. Ahadi yako kwa mabinti ni kilo 10. Ukishalipwa, tuma kwa lipa namba hii, jina litatokea la shirika. Risiti tutakuletea nyumbani." Hakuna maneno ya kubembeleza.

Ugumu umebaki kwenye saa ya kuutuma. Siku ya mnada usitume. Bei imetangazwa lakini fedha haijaingia, utamkera mtu bure. Taarifa za kwamba "malipo yameanza" nazo usiziamini, zinaanza siku tatu kabla ya malipo. Mimi asubuhi napita na baiskeli barabara ya benki. Foleni ikiwa mlangoni tu, naendelea na safari. Bodaboda zikijipanga mpaka kwenye ule mwarobaini wa muuza mihogo, na akina mama wameshatandika kanga chini kusubiri, naegesha baiskeli, natoa simu, natuma.